Hakusimama Mlangoni

Kaka yangu hajawahi kumwibia mtu. Naanza na hilo kwa sababu mtaani wanamwita Nusubei, na anayelisikia jina hilo bila kumjua mwenyewe humdhania tapeli. Si tapeli. Ni mnunuzi wa vitu vya zamani: kamera za filamu, saa za ukutani, redio za mbao, stempu, sarafu zisizotumika tena, na santuri, ambazo zilimtia wazimu tangu ujana. Duka ni letu sote wawili, tuliachiwa na baba. Yeye hununua na kuuza, mimi husafisha na kukarabati, na tumeelewana kwamba akiwa kwenye bei mimi nafunga mdomo. Mdomo wangu hauna breki. Niliwahi kuisifia saa mbele ya mtu aliyekuja kuiuza, na kaka akaninunia mpaka tukafunga duka.

Ana njia yake ya kununua, na haibadilishi. Kwanza hukiponda kitu. Hata kiwe kizuri vipi, atakigeuza, atakinusa, atakunja uso kana kwamba kimeoza, kisha ataanza na nusu ya kile anachojua kinastahili. Muuzaji mzoefu naye huja juu. Atacheka, atamwambia kaka akapimwe macho, ataapa kwamba kuna mtu mtaa wa pili anatoa mara mbili. Watavutana hapo mpaka muuzaji akusanye vitu vyake aondoke, na akifika mlangoni atasimama kufunga kamba za viatu, hata kama kavaa ndala. Hapo kaka atamwita: "Njoo bwana, tusikosane." Basi bei ya haki hupatikana kati ya mlango na kaunta. Pesa zikishatoka, kaka huagiza chai na kuanza kumwaga sifa. "Ndugu yangu, una jicho. Kitu hiki nimekitafuta mpaka nimechoka." Sifa hutoka baada ya bei, kamwe si kabla. Watu hutoka pale wanacheka, na kesho wanarudi na vitu vingine. Ni mchezo, na wanaoucheza wote wanaujua.

Mzee yule hakuujua.

Aliingia asubuhi moja, hakuna mteja mwingine. Alikuwa mwembamba, shati limepigwa pasi likakubali, na utepe wa kupimia unaning'inia shingoni. Alipoona nautazama, alicheka. Akasema yeye ni fundi cherehani, ameacha kazi, lakini shingo bado haijapewa taarifa. Nikampenda pale pale. Nikamvutia kiti, akakaa na mfuko wake mapajani, akaanza kueleza shida yake bila kuulizwa.

"Mke wangu ametangulia," alisema. "Sasa binti yangu ananihamishia kwake. Nyumba yake si kubwa. Na mimi, mwanangu, nina santuri. Chumba kizima. Binti ananiambia, baba, takataka hizo unazileta za nini? Tumebishana weee. Mwisho kasema, haya, nenda kwa mtu anayejua. Zikiwa na thamani nitakupa kile chumba cha uani uziweke. Zikiwa hazina, uje peke yako. Nikakubali. Kwa hiyo sikuja kuuza hasa. Labda mbili tatu. Nataka kujua tu."

Alisema hivyo, wazi kabisa. Nilisikia mimi, na kaka akasikia. Lakini kwa kaka, mtu anayesema hakuja kuuza hasa ndiye muuzaji mwenyewe. Wote huingia na maneno hayo.

Mzee akafungua mfuko. Jamani, nimesafisha santuri miaka mingi, sijawahi kuona zilizotunzwa vile. Kila moja alikuwa ameishonea nguo yake kwa vipande vilivyobaki kazini: hii kitambaa cha suti, ile bitana ya koti, nyingine satini iliyosalia kwenye gauni la bibi harusi fulani. Kila nguo ina kifungo na tundu lililofumwa kwa mkono. Aliivua ya kwanza taratibu, akaishika kwa kingo. Haikuwa na mkwaruzo. Kaka akaigeuza, akasoma karatasi ya katikati, kisha akairudia kuisoma. Mie namjua. Ilikuwa kazi ya studio iliyofungwa kabla wimbo haujafika hata redioni, na zilizobaki ni za kuhesabu. Mzee akaivua ya pili, nayo ya studio ile ile. Nilifurahi, si kwa ajili ya duka bali kwa ajili ya mzee. Nikajisemea, chumba cha uani kimepatikana.

Kaka akakunja uso.

"Mzee wangu, nikuambie ukweli," alisema, na mimi nikajua ukweli hauko karibu. "Hizi majalada yake ya asili yako wapi? Umezivisha nguo, sawa, ni nzuri, lakini wanaonunua wanataka jalada. Halafu siku hizi nani ana gramafoni? Mtu ana muziki wa dunia nzima kwenye simu. Hizi nitaziweka wapi? Zitanijazia vumbi tu."

Mzee akaitikia kwa kichwa polepole, kama mwanafunzi. "Na zile nyingine? Za nyumbani ni za aina hii hii."

"Kama ni hizi hizi, basi ni mzigo. Nikupe ya nauli, uniachie hizi, usirudi nazo bure."

Nikamkanyaga mguu chini ya kaunta. Naye akanikanyaga. Alikuwa anasubiri mzee aje juu. Alikuwa na bei kichwani, baadaye aliniambia, na nakiri ilikuwa bei nzuri sana, ya kumfanya binti yule asafishe chumba cha uani kwa mikono yake mwenyewe. Ilibidi tu mzee aseme, "Acha utani wewe." Maneno hayo tu.

Mzee hakusema. Aliichukua santuri ya kwanza, akaivisha nguo yake, akafunga kifungo. Akaivisha ya pili. Hakukasirika wala nini. Alipomaliza alisimama na kumpa kaka mkono.

"Ahsante, mwanangu. Mwingine angenidanganya ili anifurahishe."

Akaenda. Kaka alikuwa ameshafungua kinywa kwa ajili ya lile "njoo bwana", anasubiri mzee asimame mlangoni. Mzee akaupita mlango kama mtu anayetoka msibani, akaingia mtaani, akageuka kona.

"Mwite!" nikamwambia.

"Tulia. Atarudi. Nikimkimbilia, bei itapaa."

"Huyu si wa kurudi! Hujamsikia? Kakushukuru!"

"Wote hurudi," alisema kaka, na akajitia kufuta kaunta ambayo nilikuwa nimeshaifuta.

Ningekimbia mwenyewe. Nilifika mpaka kizingitini, kisha akaingia mama mmoja na saa iliyokwama, na nilipomaliza naye mtaa ulikuwa umejaa watu. Hilo linanichoma mpaka leo, ingawa mwenye kulibeba zaidi ni kaka.

Siku zikapita. Kaka akaondoa redio kwenye rafu ndefu ili kuacha nafasi. Hakusema ni nafasi ya nini. Mlango ukilia anainua kichwa haraka mno. Akaja mnunuzi wake mkubwa wa santuri, na kaka akamwambia asubiri kidogo, kuna mzigo unakuja. Yule bwana alipotajiwa studio ile alitoa bei kubwa kuliko hata aliyokuwa nayo kaka kichwani, na hakuomba apunguziwe. Badala ya kufurahi, kaka alikaa kwenye kiti alichokalia mzee, akashika tama.

"Nilidhani anaelewa," aliniambia.

"Angeelewa vipi? Yeye hushona, akikwambia nguo haikukai, haikukai. Amedhani na wewe ni hivyo."

Asubuhi iliyofuata tulifunga duka, tukaenda mtaa wa mafundi cherehani, tukauliza mlango kwa mlango habari za fundi mwenye santuri. Walimjua wote. Walisema kibanda chake kilikuwa kinaimba kutwa. Mmoja wao akatuelekeza kwa binti yake.

Binti alitupokea vizuri, mtoto kiunoni, jikoni kunachemka kitu. Kaka alipojitambulisha, alitutazama kwa namna nisiyoipenda.

"Kumbe ndiye wewe," alisema. "Mimi nilisema yale kwa hasira tu siku ile. Chumba nilikuwa nimeshakipaka rangi. Nikamwambia, baba, njoo nazo, ziwe na thamani zisiwe nayo, ni zako. Akakataa katakata. Kasema ameambiwa na mtu anayejua, na hawezi kujaza nyumba ya mwanawe takataka. Hata kuzisikiliza aliacha. Yuko uani, piteni."

Tukapita. Uani kulikuwa na jiko la mkaa, sufuria pana la maji ya moto, na mzee amekaa kwenye kigoda, koleo mkononi, utepe wa kupimia shingoni. Ukutani, safu mbili, kulikuwa na vyungu vya maua vyeusi, kingo zake zimejikunja mawimbi mawimbi. Vingine vimeshapandwa. Katikati ya vile vitupu, pale chini, karatasi ya santuri ilikuwa inasomeka, hata jina la studio. Nilimsikia kaka akivuta pumzi.

"Aa, mwanangu!" mzee aliinuka kwa furaha ya kweli. "Binti, njoo umwone! Huyu ndiye aliyenifungua macho. Kaeni, kaeni. Tazameni, unaitia kwenye maji, inalainika, unaikunja juu ya kopo, basi. Zinauzika! Majirani wamezigombania. Nikasema, kumbe hata takataka ina kazi yake."

"Zote?" kaka aliuliza.

"Zote. Imebaki hii." Akaichukua moja kutoka kwenye kiti, bado iko ndani ya nguo yake, satini nyeupe, kifungo cha lulu. "Hii sikuileta dukani kwako. Niliona haya. Niliipenda mno, sikutaka niisikie ikisemwa."

Akaivua. Sikuhitaji kusoma. Nilimwona kaka amemeza mate, na nikajua kwamba hiyo ilikuwa adimu kuliko zote tulizoziona.

"Hiyo niachie mimi, mzee wangu," kaka alisema. "Nitainunua. Nitaitundika ukutani, iwe pambo tu."

Mzee alicheka. "Usinionee huruma. Uliniambia ukweli mara moja nikauheshimu, usianze kunidanganya leo." Kisha kicheko kikakatika. Aliigeuza santuri, akaipangusa kwa kiganja. "Ila nikuulize, mwanangu, kabla sijaitia. Zimenisumbua kidogo, nikilala nazisikia. Zile hazikuwa na thamani, siyo? Ulinihakikishia."

Nilitaka kusema. Kwa mara ya kwanza mdomo wangu uligoma wenyewe. Kaka alivitazama vyungu, kimoja kimoja, mpaka mwisho wa ukuta. Akisema kweli, santuri moja itapona, na mzee atakuwa anapita mbele ya zile nyingine kila asubuhi anapotoka kunawa uso. Nilimwona anapima, na sijawahi kumwona akipima kitu kwa uchungu vile.

"Hazikuwa na thamani, mzee wangu," alisema.

Safari hii hakuwa ananunua chochote.

Mzee akashusha pumzi ndefu, mabega yakalegea. "Nashukuru. Basi sikukosea." Akaishika santuri kwa koleo, akaitumbukiza. Ilikaa kidogo, kisha ikaanza kulegea pembeni. Akaitoa, maji yanachuruzika, akageuka huku na huku kutafuta pa kuiweka.

"Nishikie hilo kopo," alimwambia kaka.

Kaka akachuchumaa, akalishika kopo kwa mikono miwili, na mzee akailaza santuri juu yake, akaanza kuikunja kingo.