Miaka Themanini Inatosha

Kazini kwetu hakuna mtu anayeandika kitu kutoka mwanzo. Anayesema anaandika ni mwongo, au ni mgeni. Tuna folda moja ya pamoja tunayoiita Kapu, na ndani yake kuna vipande vya kodi, yale maandishi yanayoendesha tovuti, vya kila namna: cha kukagua kama namba ya simu imetimia, cha kuzuia kitufe kisibonyezwe mara mbili, cha kupunguza picha za wateja wanaotuma picha kubwa kuliko akili zao. Unachukua, unabandika, unabadilisha rangi, unamtumia mteja ankara. Ndiyo kazi yenyewe, na sitaki mtu anihubirie.

Nusu ya Kapu imejazwa na mwenzangu wa meza ya dirishani. Tunamwita Bandika, na jina alilipata kwa jasho lake. Kwa hiyo hospitali ya macho ilipotaka ukurasa wa kuandikisha wagonjwa kwa ajili ya kambi ya upasuaji wa bure, nilikwenda Kapuni kama kawaida, nikachukua kipande chake cha kuorodhesha miaka ya kuzaliwa. Mistari minne tu: inaanza mwaka huu, inarudi nyuma mmoja mmoja, mgonjwa anachagua wake. Sikuisoma. Nani anasoma kitu kinachofanya kazi?

Ijumaa, tumetoka kula mchana, shangazi yangu akapiga simu.

"Hii tovuti yenu mbovu," akasema, hata salamu hakuna. "Wiki nzima natafuta mwaka wa mama siuoni. Nashuka, nashuka, unaishia njiani."

"Shangazi, umeshuka mpaka chini kabisa?"

"Nimeshuka mpaka kidole kinauma."

Mama yake shangazi ndiye bibi yangu, mzaa baba. Ana miaka tisini na mmoja na mtoto wa jicho macho yote mawili. La kushoto limeshafunga. La kulia linamwonyesha vivuli, na kila mwezi vivuli vinapungua. Upasuaji wa kulipia hatuumudu, tumeshapiga hesabu tukachoka. Kambi ndiyo ilikuwa njia pekee, na uandikishaji ulikuwa unafungwa siku ileile saa kumi na moja jioni, au nafasi zikiisha kabla ya hapo.

Nikafungua kile kipande. Kweli, miaka ilikuwa inarudi nyuma themanini, basi. Juu ya mstari Bandika alikuwa ameacha maelezo kwa wanaokuja baada yake: "miaka 80 inamtosha mtu yeyote."

"Bandika, hiki kipande cha miaka ulikiandikia nini?"

"Klabu ya mpira. Ya maveterani. Vipi?"

Nikamweleza vipi. Akajikuna ndevu, akasema kama mimi sisomi hilo si kosa lake. Lilikuwa kweli, na ndiyo sababu lilinikera.

Huku kwenye simu bibi alikuwa ameshamnyang'anya shangazi.

"Kuna nini?"

"Bibi, kompyuta inaishia miaka themanini. Kuna mtu aliandika kwamba inatosha."

"Huyo mtu ana mama?"

"Anaye."

"Basi amuulize mama yake kama inamtosha."

Shangazi akapendekeza kwa mbali kwamba achaguliwe mwaka wa mwisho uliopo. Bibi akasema miaka yake kumi na mmoja hampi mtu, ameila mwenyewe na mingine ilikuwa michungu. Hata angekubali isingesaidia kitu. Mlangoni wanalinganisha na kitambulisho, na visipolingana unarudishwa nyumbani.

Kurekebisha ni kufuta namba moja na kuandika nyingine. Tatizo lilikuwa siku. Kwetu Ijumaa hakuna anayepandisha mabadiliko kwenye tovuti ya mteja. Sheria hii aliiweka Mkuu, bosi wetu, tangu Ijumaa ile mtu alipobadilisha rangi ya kitufe kimoja cha duka la maua, duka zima likazimika, na Mkuu akabaki ofisini anahangaika nalo huku wakwe watarajiwa wamekaa wanamsubiri. Wakwe hawakumsubiri tena. Ukutani ametundika kipande cha boksi kilichoandikwa kwa kalamu nene: IJUMAA NI YA KUTAZAMA, SI YA KUGUSA. Mwaka jana alimfukuza mtu kwa ajili ya boksi hilo, wala sitanii.

Nikalitazama boksi. Nikagusa.

Tovuti haikuanguka, haikukohoa. Miaka ikashuka mpaka kwa bibi na kumpita. Kwenye kona ya ukurasa kihesabu cha nafasi za upasuaji kilisema zimebaki ishirini na tatu. Nikavuta pumzi.

"Bado siuoni," shangazi akasema; alikuwa hajaufungua ukurasa upya.

"Acha, usiguse chochote. Najaza mwenyewe, wewe utakosea herufi."

Hapo Mkuu akatokea na kikombe chake cha chai. Simu yake hulia kila mtu akipandisha kitu, na ilikuwa imelia.

"Nani kagusa?"

"Mimi."

"Leo siku gani?"

Nilikuwa na siku nyingi natafuta nafasi ya kumpa Mkuu maneno yake, sitaficha. Ningeweza kusema samahani Mkuu, dakika mbili, nakuja. Badala yake nilisimama. Nikamwambia kwamba kuna watu vipofu nje huko wanaambiwa na tovuti yetu kwamba hawajazaliwa. Nikamwambia boksi lake halijawahi kumtibu mtu jicho. Nikaingia na kwenye habari za wakwe, ambako hakuna aliyenituma, na ofisi nzima ikaacha kuchapa ili isikie vizuri. Nilikuwa nafurahi. Maneno yalikuwa yanakuja yenyewe.

"Dada," Bandika akasema pembeni, "nafasi zina..."

"Wewe nyamaza. Umeshaandika ya kutosha."

Akarudi kwenye kompyuta yake. Mimi nikaendelea mpaka Mkuu akaweka kikombe chini, akajipangusa uso, akasema kwa sauti ndogo kwamba mambo mengine tutayaongea Jumatatu, kwa sasa nikamwandikishe bibi yangu. Nikakaa kwa ushindi. Nikajaza jina lake, mwaka wake, mtaa wake, nikabonyeza.

"Nafasi zimejaa. Asante kwa kutembelea ukurasa wetu."

Nilibonyeza tena. Kitufe kimezuiwa kubonyezwa mara mbili, nilikizuia mimi.

Nikafungua orodha kwa ndani. Ishirini na watatu waliingia nikiwa nimesimama nahutubia. Miaka themanini na miwili, tisini, themanini na tisa, tisini na sita, wote wazee wa kule chini kabisa, wale ambao miaka yao haikuwepo mpaka nilipoiweka. Wiki nzima walikuwa wanarudi kujaribu, na siku ya mwisho wakajaribu kwa nguvu zaidi.

Bandika akanisogelea. "Si una funguo za ndani? Mfute mmoja, mwingize bibi. Nani atajua?"

Alikuwa hatanii, na mimi nilishaweka mkono kwenye kipanya. Lakini simu ilikuwa bado wazi mezani, na macho ya bibi ndiyo mabovu, si masikio.

"Umfute nani?" akauliza.

"Wa mwisho kuingia, bibi."

"Ana miaka mingapi?"

"Themanini na minane."

"Mtoto," akasema. "Mwache. Hao wote walikuwa wapi siku zote hizi?"

"Walikuwa wanajaribu. Miaka yao haikuwepo."

"Hawakulalamika?"

"Walilalamika. Karani wa hospitali alituandikia Jumatano."

"Aliyeipokea hiyo barua ni nani?"

"Ni mimi, bibi."

"Ukasemaje?"

"Nilisema nitaitazama Jumatatu."

Nilimsikia anapumua, na nyuma yake shangazi akianza kulia. Mimi nilishaanza zamani, mbele ya ofisi nzima ambayo muda si mrefu uliopita ilikuwa inanisikiliza nikihutubia.

"Kambi nyingine lini?" bibi akauliza.

"Mwakani."

"Basi mwakani uje mwenyewe unishike mkono mpaka mlangoni," akasema, "maana mlango sitauona."

Akamrudishia shangazi simu.