Paka wa Velma

Velma alimpata paka wake katika shamba la nyanya yake huko Kimulot, pale mistari ya chai inapokwisha na msitu wa Mau unapoanza. Alikuwa amejikunyata chini ya mche wa chai, mwili mzima madoadoa, akilia kwa sauti nyembamba. Velma akamtia ndani ya sweta na kukimbia naye nyumbani.

Nyanya yake, Mongina, alikuwa jikoni akimenya viazi. Macho yake hayakuona vizuri, kwa hiyo alimpapasa yule mnyama.

"Paka gani huyu ana miguu minene hivi?"

"Atakua, nyanya."

"Kwa miguu hii, atakua kweli."

Wakamwita Chapati kwa sababu ya yale madoa. Chapati alimaliza bakuli la maziwa, akala omena zote, kisha akaanza kutafuna mwiko. Mbwa wao alichungulia mlangoni, akanusa mara moja, akaenda kujificha chini ya ghala. Kuku nao wakapanda juu ya paa, ingawa hakuna aliyewafukuza.

Mchana ukungu ulishuka kutoka msituni ukafunika chai yote. Ndani yake ikasikika sauti kama ya msumeno: krrr, krrr. Kisha kimya.

"Hao ni watu wa mbao," Mongina akasema. "Hata ukungu hauwazuii."

Baada ya muda msumeno ulisikika tena, safari hii kwenye nyasi za ng'ombe. Halafu karibu na zizi. Ng'ombe akaacha kutafuna, akasimama masikio juu.

"Nyanya," Velma akasema, "huo msumeno unatembea."

Mongina aliweka kisu chini na kufunga mlango.

Mara mlango ukabishwa. Alikuwa Kiptanui, jirani yao, panga mkononi. Aliingia kinyumenyume, akitazama nje.

"Mama, kuna nyayo kubwa hapo kwa shamba yako. Zinakuja hapa," alisema. Kisha akaona kilicholala mapajani mwa Velma, akashusha sauti. "Mtoto mzuri, weka huyo chini polepole. Hiyo si paka. Hiyo ni cheplanget."

"Ni Chapati," Velma akamrekebisha.

"Ni chui. Na huo msumeno mnasikia huko nje ni mama yake."

Nje, kitu kilijikwaruza kwenye ukuta wa mabati, taratibu, kutoka kona moja hadi nyingine.

"Anataka wake tu," Kiptanui akanong'ona. "Tukimrudisha, ataenda."

Mongina akamtia Chapati ndani ya kikapu cha kuchumia majani. Akangoja mpaka ule mkwaruzo ulipopotea upande wa shambani, ndipo akatoka, Kiptanui akimfuata. Velma alibaki dirishani, ameshika pazia. Walipofika kwenye mche wa kwanza, Mongina akakilaza kikapu. Chapati akatoka, akatazama ukungu, akageuka na kung'ang'ania leso aliyojifunga Mongina kwa kucha zote.

Chai ikatikisika mbele yao. Hakukuwa na upepo.

Mongina aliifungua leso na kuiacha ianguke pamoja na Chapati.

"Mama, utusamehe," aliuambia ukungu. "Mtoto wetu alidhani ni paka. Hatujamdhuru. Amekula vizuri, hata omena zetu amemaliza."

"Usimpe mgongo," Kiptanui akasema.

Walirudi nyuma hatua kwa hatua. Chui akajitokeza, mrefu, kichwa chini, macho yake kwao. Alimnusa mwanawe kwa muda mrefu. Kisha akamshika shingoni, Chapati akaning'inia kama soksi, na ukungu ukawameza wote wawili.

Ndani, Velma alikuwa akilia. Hakuwa na hofu. Alitaka paka wake. Kiptanui akamwambia paka wa kwao amezaa, atamletea mmoja Jumamosi.

"Una uhakika ni paka?" Mongina akamuuliza.

"Mama, nilikuwepo akizaa."

"Mlete kwanza nimpapase miguu."