Neno Wasilolitamka Wanaanga

Jicho la kushoto lilizima tena, katikati ya swali.

Rodion Zavyalov alitulia tuli nyuma ya kioo cha karantini, akitabasamu kwa mazoea. Upande wa pili waandishi walikuwa wamejazana. Baikonur nzima ilitaka kumwona shujaa wa safari tatu za angani, mtu mwenye sura kwenye stempu na sanamu ya shaba kwao Kotlas. Roketi ingeruka kesho. Chombo kikigoma kujiegesha chenyewe kituoni, yeye ndiye angekiegesha kwa mkono, na kwa jicho gani? Lakini akisema, hataachwa peke yake. Mmoja akiugua, wote wawili hubaki, wakapanda wale wa akiba. Na Dyoma Kostrov, aliyeketi ubavuni pake, alikuwa ameisubiri safari yake ya kwanza miaka tisa.

"Rodion Savvich," mwandishi alirudia, "ile safari iliyopita, ulipoegesha kwa mkono, uliona nini?"

"Safari yangu ya mwisho..." alianza.

Wanaanga hawalitamki neno hilo, "mwisho". Husema "ya ukingoni", hata kwa kikombe cha chai. "Ya mwisho" wamewaachia waliozikwa. Miaka ishirini na mbili ulimi wake ulikuwa haujateleza hata mara moja.

Dyoma akamkanyaga mguu chini ya meza. "Sema ya ukingoni, mkubwa," alinong'ona. "Cheka, yaishe."

Kwenye kona, daktari Klavdia Arsenyevna aliacha kuandika, akamkazia macho.

Angeweza kucheka, na wangecheka naye, maana walimpenda mno. Hilo ndilo lililomtia hofu: hakuna ambaye angemzuia kuruka.

"Sikuteleza," alisema. "Ni ya mwisho. Klavdia Arsenyevna, jicho la kushoto linazima. Tangu Jumanne."

"Tangu Jumanne!" Dyoma aliruka, kiti kikaanguka. "Na leo ndiyo unakumbuka? Miaka tisa, Rodion Savvich! Mke wangu kaja kutoka Tambov na mikate ya kabichi kapu zima!"

Rodion aliona haya mpaka masikio yakawaka.

Kesho yake Rodion na Dyoma walisimama nyikani katika umati, mmoja huku, mwingine kule. Roketi ilipopotea mawinguni na wale wa akiba, bibi mmoja alimvamia Rodion na daftari la kutiwa saini.

"Mwanangu, kumbe ile ndiyo ilikuwa safari yako ya mwisho?"

Rodion aliinamia daftari kutafuta ukurasa mtupu.

Dyoma akaja mbio, macho mekundu. Akatema tfu, tfu, tfu juu ya bega la kushoto, akagonga ubao wa uzio mara tatu, kufukuza mkosi.

"Ya ukingoni, mama!" alifoka. "Ya ukingoni!"

Kisha akamgeukia Rodion.

"Na sijakusamehe," alisema, akamsukumia mkate wa kabichi kifuani. "Shika. Kula."