Simu Imesema Mama Analia

Niliambiwa kwamba nimeacha kazi nikiwa nimeshavaa aproni.

Msimamizi wa chumba cha kufulia alisubiri nimalize kufunga kamba za nyuma, akakohoa kile kikohozi chake cha kutafuta maneno, kisha akasema, "Mama Mashuka, sikutegemea kukuona leo. Mwanao alinipigia Ijumaa. Amesema afya haikuruhusu tena, unahamia kwake. Pole sana, mama. Nimeshapata mtu wa kushika nafasi yako, anaanza kesho."

"Mwanangu yupi?"

"Yule mkubwa."

"Na afya ya nani?"

Akageukia mashine kana kwamba ndiyo ingejibu. Si mtu mbaya huyu msimamizi, ila akiona machozi hukimbia, na alidhani yangu yako njiani. "Nenda nyumbani kwanza mkaongee," akasema. "Kama kuna jambo halijakaa sawa, niambie leo. Kesho nitakuwa nimechelewa."

Wenzangu wawili kwenye meza ya pasi walijitia hamnazo, lakini pasi zao zilikuwa zimesimama. Hoteli yetu ni kubwa na mashuka yake hayaishi. Mimi ni wa madoa. Kabla shuka halijaingia mashine linapita kwangu, kwenye sinki la mwisho chini ya dirisha: mvinyo, rangi ya mdomo, damu, chai, na mengine ambayo sitayataja mbele ya watu wenye heshima zao. Nimesimama kwenye sinki lile tangu huyo mwanangu mkubwa akivaa kaptula. Karo yake ilitoka pale, na hata suti aliyoendea usaili wa hiyo ofisi yake yenye zulia ilitoka pale. Leo nakuta kaniachisha kazi kwa simu, tena Ijumaa, ili nipate wikendi nzima ya kutojua.

Nilitoka nimechemka. Njiani watu walinipisha.

Nyumbani nikakuta viatu mlangoni. Binti yangu, kitinda mimba, ana ufunguo wa akiba, na alikuwa amewafungulia. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alikuwa kwenye kiti kikubwa cha sebuleni, kashika tama. Mwanangu alisimama katikati ya chumba na simu mkononi. Kwa mlango wa chumba changu uliokuwa wazi nilimwona binti akikunja magauni yangu na kuyapanga kwenye sanduku, polepole na kwa adabu.

"Nani kafa?" nikauliza.

"Mama, umerudi mapema," alisema mwanangu. "Nilidhani watakuacha umalizie siku ya leo. Tulitaka ukija jioni ukute kila kitu tayari. Keti kwanza."

"Sikai. Sema."

Akamtazama shangazi yake, shangazi akamkonyeza aendelee. Hapo nikajua kikao kilishafanyika na mimi nimeletewa maazimio tu.

"Mama, tumekuwa na wasiwasi na wewe tangu baba aondoke. Ukiwa mbele yetu unasema uko salama, hujambo, hakuna tatizo. Lakini ukweli tunaujua."

"Umeujulia wapi?"

Akanionyesha simu yake.

Hapa inabidi nieleze. Baada ya mazishi mwanangu aliniletea simu mpya, nzuri, akaniwekea ile programu ya nyimbo ili nisikae kimya peke yangu. Nilimshukuru, na sasa hivi pia namshukuru. Aliiingiza kwenye akaunti ya familia anayoilipia yeye. Mimi nilidhani familia maana yake ni kwamba sote tunasikiliza. Kumbe maana yake ni kwamba yeye anaona. Kila mtu na jina lake, na chini ya jina kuna nyimbo alizosikiliza, asubuhi hadi jioni.

"Tazama," akasema. "Maombolezo. Maombolezo. Maombolezo. Miezi sasa, mama, kila siku ya kazi, saa nzima nzima, na hakuna hata mmoja uliouacha njiani. Hii programu inamsoma mtu. Mimi inaniletea nyimbo za mazoezi, dada inamletea za watoto, kwa sababu ndivyo tulivyo. Wewe inakuletea misiba tu. Simu inakufahamu kuliko unavyotuambia."

Binti alikuwa amekuja kusimama mlangoni na gauni langu la kijani mikononi. "Mama, nilipoona nililia," akasema.

"Mimi nilisema tangu mwanzo," wifi akadakia. "Huyu anachekacheka tu mbele za watu, ndani kaoza. Mwacheni aende kwa mwanawe akapumzike. Madoa ya watu yatamuua."

Sasa niwaambie jinsi maombolezo hayo yalivyoingia sikioni kwangu. Wiki ile ya kwanza, wimbo mmoja niliutafuta mwenyewe, nikalala nao na kulia nao hadi mto ukalowa. Ule ni wangu, siukani. Baada ya hapo nikarudi kazini. Kazini ninavaa glavu ndefu za mpira, maana dawa ya madoa hutoboa hata kitambaa ukizembea. Simu naiweka kwenye mfuko wa nailoni, kwenye rafu juu ya sinki, na kisikilizio kimoja nakipachika sikioni. Kidole chenye glavu hakitambuliki na kioo cha simu. Ili niruke wimbo ni lazima nivue glavu, ninawe, nikaushe mikono, nitoe simu mfukoni, niguse, nirudishe, nivae tena, na shuka huku linaharibika. Kwa wimbo mmoja? Nani ana muda huo? Basi ule wimbo wa kwanza ukaleta mdogo wake, mdogo wake akaleta binamu, na mwisho ukoo mzima wa vilio ukahamia sikioni kwangu na kujenga. Wao wanalia humo ndani, mimi nagombana na doa la mvinyo. Siku nyingine wanalia, mimi nacheka na wenzangu wa pasi mpaka mbavu zinauma.

Nikawaeleza hivyo hivyo, glavu na yote.

Mwanangu alitikisa kichwa kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonipandisha zaidi. "Mama, ndivyo inavyofanya kazi. Wimbo usipouruka, inajua umeupenda."

"Kumbe!"

"Ndiyo, mama."

"Basi kama ni hivyo, mimi na baba yenu tulipendana kuliko watu wote walio chini ya jua."

Binti akaangua kicheko, akajiziba mdomo kwa gauni langu. Wifi akavuta pumzi utadhani kamwagiwa maji ya barafu.

"Marehemu anasemwa hivyo?" akauliza.

"Namsema mimi niliyemfulia, wifi. Nilimpenda. Lakini si yote aliyoyafanya niliyapenda. Mengi yalipita kwa sababu mikono yangu ilikuwa na kazi. Na ninyi hivyo hivyo. Wewe mwanangu ulikuja hapa ukatoa kabati langu la vyombo, ukasema chumba kipate hewa. Nilinyamaza. Ukachagua nguo niliyomzikia mume wangu, ilinibana kwapani siku nzima, nikanyamaza. Wewe wifi ulibeba redio ya marehemu, hata waliokuja kutupa pole hawajamaliza kuondoka. Nilinyamaza vilevile. Mkasema, mama ameridhika. Ameridhika lini? Mlimsikia wapi akisema?"

Nje gari la takataka lilikuwa likirudi nyuma, likipiga kengele yake.

"Mnataka kujua nina hali gani? Nitawaambia, maana hamtaniuliza. Nilimlilia mume wangu mpaka sauti ikanikauka. Halafu asubuhi moja niliamka na njaa. Nikakaanga mayai, nikayala yote peke yangu kwenye kikaango, nikajua nitaishi. Tangu siku ile nina furaha. Naona haya kuisema mbele ya shangazi yenu, lakini naisema. Nalala katikati ya kitanda. Nafika kazini naitwa jina langu la kazi, hakuna anayeniita mjane. Nina furaha, mwanangu, na wewe unakuja kunipakia kwenye sanduku."

Uso wake ulibadilika. Aliketi, yeye aliyekuwa akiniambia mimi niketi. Lakini mtu wa ofisi hakosi suluhisho. Alichukua simu yangu niliyoiweka mezani nilipoingia, akasema kwa sauti ya upole, "Basi, mama, tumeelewa. Niambie unapenda nyimbo gani hasa, nirekebishe. Itajifunza upya. Itakuwa inakuletea za kukuchangamsha."

"Sikwambii."

"Ni kwa faida yako. Ikikufahamu vizuri..."

"Sitaki inifahamu. Mimi ni mtu mzima, nina siri zangu. Leo nikitaka kulia nitalia, kesho nikitaka nyimbo za vijana zile za kutikisa kiuno nitazisikiliza, na asije mtu kuitisha kikao. Nitoe kwenye hiyo akaunti ya familia."

"Mama, ukitoka utakuwa unakatizwa na matangazo kila baada ya nyimbo mbili."

"Nitasikiliza matangazo."

"Ya sabuni, mama, na ya mikopo."

"Ya sabuni ndiyo yangu hasa. Nitoe!"

Akanitoa. Niliona jina langu likifutika chini ya la dada yake. Wifi alitoa msonyo mwembamba wa dharau, nikamgeukia, akaukatiza.

"Sasa piga," nikamwambia mwanangu.

"Nimpigie nani?"

"Yule uliyempigia Ijumaa. Na uweke spika."

Alianza kuzungukazunguka. Msimamizi atakuwa na kazi, angempigia jioni, angemwandikia ujumbe mzuri. Nikamnyooshea mkono, nikauacha hapo hapo hewani mpaka akapiga.

"Habari yako, kaka," akasema simu ilipopokelewa. "Ni mtoto wa Mama Mashuka. Samahani kwa usumbufu. Sasa, ni kwamba mama amebadilisha mawazo, kwa hiyo..."

"Sijabadilisha," nikasema. "Rudia."

"Mama, tafadhali." Aliziba simu kwa kiganja. "Nitaonekanaje?"

"Utaonekana ulivyo. Mawazo yangu hukuyajua, utasemaje yamebadilika? Mwambie ulichofanya."

Jasho jembamba lilimtoka. Alimtazama shangazi yake, safari hii shangazi akatazama kucha zake. Alimtazama mdogo wake, naye binti, Mungu ambariki, akaenda chumbani kulifungua sanduku. Nilimwonea huruma. Ni mwanangu, na najua aliyafanya yote haya kwa kunipenda. Ilikuwa rahisi sana kuchukua simu na kumalizia mwenyewe, kama nilivyomalizia mambo yao maisha yao yote. Sikumsaidia.

"Halo?" msimamizi aliita. "Bado upo?"

"Nipo," mwanangu akasema. Kisha akasema polepole, "Mama hakuacha kazi. Mimi ndiye niliyesema anaacha. Sikumuuliza."

"Hukumuuliza?"

"Sikumuuliza."

Msimamizi akakohoa. Wenzangu wa pasi hawakuwa mbali naye, nilisikia mmoja akisema jambo na mwingine akicheka. "Basi mpe simu mwenyewe," akasema.

Nikaipokea.

"Mama Mashuka, tuache maneno ya watoto. Wewe unataka nini? Unakuja kesho, au nimwache huyu mwingine aanze?"

Kisha akasubiri. Tangu tumzike mume wangu nimeambiwa pole nyingi na nimepangiwa mengi, lakini hilo lilikuwa swali la kwanza ambalo mtu aliniuliza na kungoja jibu. Nikajifuta macho kwa kiganja. Mwanangu aliliona hilo, akainua mkono kuchukua simu, nikaurudisha mkono wake chini.

"Siji kesho," nikasema. "Nakuja sasa hivi."