Jina la Hospitali

Katika ukoo wa Shemweta, pale Mgwashi, hakuna aliyewahi kulazwa hospitali kwa jina lake. Wanaolazwa ni wafu. Nassoro, aliyekufa kwa kuangukiwa na mti kabla umeme haujapanda mlimani, amekwisha kupasuliwa ngiri, kutibiwa kifua kikuu na kung'olewa meno mara nne. Mwajuma, aliyezikwa akiwa mwali, amejifungua watoto saba, wawili wao mapacha. Bibi ndiye aliyeushika utaratibu huo, naye aliupokea kwa mama mkwe wake. Kifo, walisema, hakihangaiki na mtu kilichokwisha kumchukua. Kikipita wodini kikasikia jina lile, kitageuza.

Jambo lenyewe liliwachekesha pia. Baba mkubwa Mbaraka alipolazwa kwa jina la Nassoro, wauguzi walimwita hadi wakaandika kwamba hasikii vizuri. Hata leo wajukuu wakitaka kumchokoza humwita Nassoro, naye hujishika sikio na kuuliza, "Nani?"

Lakini masharti hayakuwa na mzaha. Jina lilichaguliwa na wakubwa wawili, likasemwa mdomo kwa sikio, kamwe si kwa simu. Na mtu hakutumia jina moja mara mbili, kwa sababu kifo kikidanganywa mara moja hulikariri jina hilo.

Mwezi wa saba, baridi ikiwa imekaza, Zakia alianza kukohoa. Alikuwa na miaka tisa. Kufikia Jumanne alikuwa na homa kali, na kila akivuta pumzi mbavu zilionekana kuzama. Dada yake Sharifa, aliyemlea tangu siku alipozaliwa, alimsihi Bibi waondoke saa hiyo hiyo. Bibi alikataa. Mkubwa wa pili alikuwa Mbaraka, na Mbaraka alikuwa Sigi, kwenye kazi yake ya kuwatembeza wageni msituni. Alifika Alhamisi asubuhi. Akaingia chumbani na Bibi, wakatoka na jina: Zuhura.

Zuhura alikuwa mama yao. Alikufa siku aliyomzaa Zakia.

Njiani, juu ya pikipiki, Zakia alikaa katikati, mgongo wake ukiunguza kifua cha Sharifa.

"Dada, mama alikuwa anaitikaje?"

"Abee. Kama watu wote."

"Mimi nikiitika, hatadhani anaitwa yeye?"

Sharifa alimwambia anyamaze, atunze pumzi.

Hospitalini Bibi ndiye aliyejibu yote. Muuguzi, binti wa umri wa Sharifa, aliandika kwenye kompyuta. Jina? Zuhura. Amewahi kutibiwa hapa? Hajawahi. Kuna dawa inayomdhuru? Hakuna.

Sharifa alingoja Bibi ajisahihishe. Miaka miwili nyuma, Zakia akiwa na kidonda cha mguu kilichooza, alichomwa sindano ya penisilini hapo hapo. Uso ulivimba, koo likafunga, na daktari alimnusuru na mauti kwa shida, kisha akaandika kwa wino mwekundu kwamba asichomwe tena maisha yake yote. Bibi alikuwepo. Aliona kila kitu. Ila siku ile Zakia alilazwa kama Mwajuma, na kwa hesabu ya Bibi mkasa ule ulikuwa wa Mwajuma. Zuhura alikuwa mgeni, hana historia. Bibi hakuwa anasema uongo. Aliamini, na hilo ndilo lililomtisha Sharifa.

Muuguzi alirudi na bomba la sindano na kichupa. Sharifa alikisoma: penisilini. Akamtazama Bibi, na Bibi akatikisa kichwa, taratibu, kama mtu anayeomba.

"Usimchome," Sharifa alisema. "Anaitwa Zakia. Zakia Issa Shemweta. Tafuta jina la Mwajuma, mwaka juzi, utaona alivyotaka kufa kwa dawa hiyo."

Muuguzi alikwenda chumba cha mafaili, akarudi na karatasi ya wino mwekundu. Dawa ikabadilishwa. Bibi alikaa chini, sakafuni, akajifunika kanga usoni kama wanavyofanya wafiwa, na mtoto bado anapumua.

Zakia aliishi siku mbili zaidi. Alikufa Jumamosi adhuhuri, Sharifa akimpangusa shingo. Daktari alieleza kwamba pafu lilikuwa limejaa usaha. Wangemleta Jumanne, alisema, halafu hakumaliza. Mbaraka alisikia. Bibi naye alisikia. Lakini kilichofika kijijini na kuzunguka misibani ni kwamba jina la mtoto lilitajwa wodini Alhamisi, na mtoto akachukuliwa Jumamosi.

Sharifa hakuwa jiwe. Siku ya pili baada ya maziko alikuwa shambani akikata kabichi za kuwapikia waliokuja kufariji, akajiuliza: kama ningenyamaza? Alijaribu kweli kuliona hilo, mtoto aliyepona kwa sababu dada yake alifunga mdomo. Kila mara alichokiona ni ule uso uliovimba, na sindano ya pili ikiingia.

Siku ya tatu, baada ya dua, majirani walipoondoka, Mbaraka aliwaita wa nyumbani sebuleni. Alizungumza kwa upole. Alisema Bibi ni mzee, hali chakula, na akiendelea hivi hatafika arobaini. Hakuna anayetaka kumfukuza mtu. Sharifa apige magoti tu, amshike Bibi miguu, aombe radhi kwa kumtaja mtoto, mambo yaishe.

Bibi alikuwa amekaa mkekani, mdogo kuliko wiki iliyopita.

"Kilikuwa kinamtafuta," alisema. "Kimezunguka vitanda vyote hakimjui. Wewe mjukuu wangu ukakionyesha."

Sharifa alimpenda bibi huyo. Ndiye aliyemfundisha kumfunga Zakia mgongoni. Alipiga magoti, akamshika miguu, miguu ya baridi, na wote wakashusha pumzi.

"Bibi, pole. Nimekushika kwa sababu wewe ni bibi yangu na tumefiwa. Siku mbili mtoto amelala humu ndani anangoja jina, na mimi nikangoja pamoja nanyi, na hilo nitaulizwa mbele ya Mungu. Lakini kumtaja?" Akageuza uso kwa Mbaraka. "Hapana, Baba mkubwa. Siombi radhi. Si leo, wala arobaini."