Siku Hamsini za Garufalia

Jumatatu ya Pasaka, saa mbili asubuhi, Polixeni alikuwa anafagia maganda ya mayai mekundu uani alipomwona binti yake Garufalia nje ya geti, begi la kahawia mkononi. Garufalia alikuwa amefariki miaka minne nyuma. Polixeni aliegemeza ufagio ukutani, akaenda kufungua.

"Ingia, mwanangu."

"Hapa panatosha, mama."

Kijijini kwetu Drosopetra wafu hutoka makaburini Pasaka, hukaa nasi siku hamsini, kisha hurudi Pentekoste. Karibu kila nyumba ina wake. Marehemu mume wa Marigo, jirani yake Polixeni, alikuwa ameshapewa kahawa na ameshaanza kulalamikia sukari. Garufalia tu ndiye ambaye hakuingia kwa mtu. Alisimama getini, mvua na jua.

Alipokuwa hai alikuja na begi hilo hilo mara tatu. Mara ya kwanza jicho lilikuwa limevimba, mara ya pili ameshika mbavu, mara ya tatu alishindwa kufumba mdomo kwa taya lililoteguka. Mara zote Polixeni alimpa maji pale pale getini, akamwambia arudi kwa mumewe. Baadaye tukaambiwa ameanguka ngazini. Nyumba ya Thrasivulos, mumewe, ina ngazi ya vidato viwili tu. Tulizika, tukala samaki wa matanga, tukanyamaza, na aibu hiyo ni yetu sote. Alilazwa kwenye kaburi la ukoo wa mume, juu ya mifupa ya mama mkwe wake.

"Wewe Garufalia, miguu haikuumi?" Marigo alimtania akipita na ndoo. "Wenzako huko ndani wananenepa kwa keki, wewe umeganda hapo kama nguzo ya umeme!"

"Nimeshazoea, shangazi."

Polixeni alimpelekea mkate, jibini na mboga za porini, na Garufalia alikula akiwa amesimama. Mama mtu hakulala vizuri hata siku moja. Alitaka jambo moja tu, mwanawe aingie ndani asirudi tena kule, na siku zilikuwa zinayoyoma.

Njia ilikuwepo. Pentekoste, padri akisema tupige magoti, kila mtu hufunika macho kwa majani ya mti wa mjozi ili wafu wapite. Mfu akikutana na macho ya mtu wake wakati huo, hashiki njia tena, hubaki. Kwa hiyo tunafunika, na wao wanakwenda zao.

Jumapili hiyo Polixeni alikwenda kanisani mikono mitupu. Tulipopiga magoti alibaki ameinua uso. Wafu walipita katikati ya viti, wengine wakijipangusa makombo. Thrasivulos, ambaye ni mzee wa kanisa, alikuwa safu ya mbele na majani mengi kuliko mtu yeyote. Garufalia alikuja wa mwisho, akasimama.

"Mama, hujafunika macho."

"Sifuniki. Nilikukosea, mwanangu. Niliogopa midomo ya watu. Twende nyumbani, kitanda nimeshakutandikia."

Sote tulisikia. Tuliyakandamiza majani yetu zaidi.

Garufalia aliweka begi chini. Alimwangalia mama yake kwa muda, na kwa muda huo ilionekana atabaki. Kisha aliokota majani mawili yaliyodondoka sakafuni, akayapangusa, akayaweka juu ya macho ya Polixeni, taratibu, kama anamfunika mtoto aliyelala.

"Mama mkwe hapendi nichelewe," alisema, akachukua begi lake.

Ibada ilipokwisha Polixeni alimfuata padri, akamwomba mifupa ya binti yake ihamishiwe kaburi la kwao. Padri alimjibu kwa upole kwamba anayetia saini ni mume. Thrasivulos alikuwa hatua tatu tu kutoka pale, akihesabu mishumaa, na hakuinua kichwa.

Mchana kulikuwa na sikukuu uwanjani, kama kila mwaka. Mpiga klarineti alitoka mjini. Thrasivulos aliongoza duara la ngoma, leso mkononi, na anacheza vizuri, hilo hatuwezi kumnyima. Alipochoka alikwenda kwenye kondoo aliyechomwa, akachagua kipande kinono, akampelekea Polixeni alipokuwa amekaa peke yake.

"Kula, mama," alisema. "Umekonda."

Polixeni aliipokea sahani kwa mikono miwili. Alimshukuru. Akala mpaka mfupa ukabaki mweupe, na sisi tulikuwa tukitazama sahani zetu.