Dakika za Kuganda

Fundi wa mtandao wa faiba alifika Ijumaa saa tatu asubuhi, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akauliza shimo litobolewe wapi. Mchora ramani alikuwa na jibu tayari. Nyumba hiyo aliichora mwenyewe, na kwa siku mbili alikuwa amehamisha meza yake ya kazi mara tatu ili ruta ipate mahali pa kukaa. Fundi, mwanamke mrefu mwenye penseli sikioni, aliitazama alama aliyowekewa ukutani, akaisogelea na keekee yake, akatoboa sentimita mbili kando yake. Mafundi ndivyo walivyo.

Waya wa zamani, ule wa shaba, ulivutwa kutoka darini ukiwa mweusi tii. Ulipokatwa ulitoa sauti ya mtu anayetaka kusema neno akaghairi. Fundi aliuviringisha, akaupima uzito mkononi, akasema una vipande vingi ndani yake.

"Vipande vya nini?" mchora ramani aliuliza.

"Vya watu," fundi alisema, akautia kwenye gunia.

Kisha akaunganisha uzi wa kioo, mwembamba kuliko unywele, na taa ya kijani ikawaka. Wakati wa kutia saini alimwambia maneno anayowaambia wateja wote, kwamba uzi huu haupotezi kitu. Mke wa mchora ramani alifurahi, maana ndiye aliyeomba mtandao ubadilishwe baada ya kuchoka kusikia michoro imekwama njiani. Mchora ramani alitia saini. Kwa miaka sita alikuwa ameishi kwa ubovu wa mtandao, na sasa alikuwa ameuondoa kwa mkono wake mwenyewe.

Mambo yalikuwa hivi. Mama yake alipigwa na kiharusi, upande wa kushoto ukafa, na tangu siku hiyo alikuwa akitunzwa na dada mkubwa wa mchora ramani, mbali, mwendo wa saa kumi kwa basi. Dada ndiye aliyemgeuza, aliyemwogesha, aliyemlisha. Kila Jumapili saa kumi alasiri alipiga simu ya video. Walisalimiana, wakaulizana habari za afya na mvua, na kila mazungumzo yalipokaribia swali la lini mdogo mtu atakuja kushika zamu, mchora ramani aligandisha mwili wake.

Alikuwa bingwa. Alijua kwamba mtandao mbovu haumkamati mtu akiwa mzuri, hivyo alichagua sura mbaya: mdomo nusu wazi, jicho moja limesinzia, mkono hewani. Aliweza kukaa dakika nzima bila kupepesa. Dada alikuwa akisema, "Umeganda, mdogo wangu," akasubiri, akakata. Hapo mchora ramani alijikuna pua na kuandika ujumbe: Mtandao huku ni balaa, tutaongea.

Hakuwa mtu asiyempenda mama yake. Miaka sita nyuma, mama alipoanza kuugua, alikwenda kumwona, na asubuhi ya pili mama alilowesha kitanda wakiwa wawili tu chumbani. Mama alimtazama. Yeye alitoka nje, akasimama getini, akajifanya anapiga simu hadi dada aliporudi dukani. Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomshinda. Tangu hapo aliiogopa shuka kuliko simba.

Sasa dada alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Chai aliimimina kwa kutia kidole kikombeni ajue imefika wapi. Daktari alikuwa tayari kumpasua, lakini baada ya hapo asiiname wala asiinue kizito kwa wiki mbili, na mama ni mzito. Jirani mmoja alijaribu kumsaidia, mama akafunga mdomo siku mbili, hataki kulishwa na mkono asioujua. Tarehe ya upasuaji ilikwisha kuahirishwa mara mbili. Daktari alionya kwamba jicho la kushoto halitasubiri sana.

Jumapili ya kwanza ya faiba, picha ilikuja safi hata vumbi la dirisha la mama lilionekana. Dada aliuliza moja kwa moja: wiki mbili tu, utakuja? Mchora ramani alifungua mdomo aseme kwamba kazi zimembana, na mwili wake ukaganda. Safari hii hakuugandisha yeye. Aliona kila kitu, alisikia kila kitu, lakini hata ukope haukumtii. Nyuma yake mkewe alikuwa anakaanga vitunguu na bintiye anauliza soksi zake ziko wapi.

Dada alisikiliza kwa muda mrefu. Macho yalikuwa yanafifia, lakini masikio yalikuwa mazima.

"Mdogo wangu," alisema, "nasikia sufuria."

Kisha akakata. Mchora ramani aliyeyuka baada ya robo saa, akaandika kwa mazoea kwamba mtandao ni balaa. Dada alijibu: Sawa. Neno hilo alilisoma mara nyingi kabla ya chakula na mara nyingi zaidi baada yake.

Fundi aliitwa Jumatatu. Alipima uzi mwanzo hadi mwisho, akaukuta hauna kosa. Alisema ameshayaona hayo mtaa wa pili, kwa mwalimu mmoja na kwa wachumba fulani. Shaba ilikuwa inameza, kioo kinarudisha. Dakika zote alizojigandisha kwa hiari sasa zitamgandisha bila hiari, na zikiisha zimeisha. Kampuni haina fomu ya malalamiko ya namna hiyo. Akaomba maji ya kunywa, akaenda zake.

"Lakini basi halihitaji mtandao," mkewe alisema walipobaki wawili. "Unaganda Jumapili saa kumi. Jumatatu una miguu."

Mchora ramani alisema kuna ramani ya shule inayotakiwa haraka. Ilikuwa kweli kuna ramani ya shule. Haikuwa inatakiwa haraka.

Nyumba ilizoea. Jumapili ya pili bintiye alimtoa kikombe mkononi mapema kisije kikamwagika. Jumapili ya tatu alimtundikia sweta la shule kwenye mkono ulionyooka, likakauka vizuri. Mkewe alifagia kumzunguka, na siku hizo hakumsemesha sana hata alipokuwa laini.

Jumapili ya nne dada alipiga simu akiwa amekaa kitandani kwa mama, bega kwa bega. Alitazama kidogo pembeni ya kamera.

"Sikuulizi tena siku," alisema. "Hospitali wameniweka Jumatano, na wamesema ndiyo mwisho. Ukipanda basi kesho, keshokutwa nitakuonyesha namna ya kumgeuza. Si kazi ngumu. Utaweza."

Mchora ramani aliganda pale pale, mkono hewani.

"Mbona babangu hasemi?" mama aliuliza. Maneno yake yalitoka upande mmoja wa mdomo, lakini yalifika yote.

"Ni mtandao, mama."

Mama aliangalia. Macho yake yeye hayakuwa na tatizo. "Pazia lake linapepea," alisema. "Na mkewe kapita na beseni."

Dada alimrekebishia mama mto, akaupapasa mpaka akaona umekaa.

"Mitandao ya siku hizi ndivyo ilivyo, mama. Inakamata watu, vitu inaviacha."

"Haya. Basi tumsubiri."

Wakasubiri. Dada aliishika simu kwa mikono miwili isitikisike. Ilipofika dakika ya sita, mchora ramani alisikia joto kwenye vidole vya miguu. Likapanda magotini, likaingia kiunoni. Kidole gumba kikacheza. Ulimi ukalegea kinywani, na akaelewa kwamba dakika zake zimekwisha, zote, alizozipoteza kwa miaka sita. Aibu ilimchoma hadi masikioni. Mama yake alikuwa bado anamtazama. Lilihitajika neno moja, nakuja, na uzi wa kioo ungelifikisha zima.

Alivuta pumzi kwa pua, taratibu, kifua kisionekane kupanda. Mkono ulianza kumuuma. Hakuushusha.